Nesi Asiyerudi Njia Aliyoendea

Katika kata yetu mwanamume anaweza kuwa na trekta, nyumba ya bati na kauli kwenye kila kikao, lakini akimwona Nesi anakuja, mkono wake unakwenda nyuma wenyewe na kushika kalio. Nimemwona diwani akifanya hivyo jukwaani, mbele ya wageni wa mkoa. Nimemwona katekista akifanya hivyo kwenye maandamano ya Jumapili ya Matawi, tawi mkono huu, kalio mkono huu. Mimi sifanyi hivyo, kwa sababu nimesoma. Mimi huegemea ukuta.

Alizaliwa wapi na kwa ukoo gani, hayo wataulizana wagawana urithi. Mimi nilimkuta tayari ni Nesi, kama nilivyoukuta mto. Alikuwa na gauni jeupe, raba nyeusi za kiume, mwavuli wenye mbavu zilizovunjika, na begani kisanduku cha chanjo chenye barafu ndani. Siku hizi kisanduku hakipo, serikali ilishamstaafisha, na gauni limekuwa la kitenge. Mwendo ni uleule. Anatembea kama mtu aliyesikia kuna mtoto anafichwa mahali.

Niseme na mimi ni nani, ili msomaji ajue anaelezwa na mtu wa aina gani. Niliondoka Mpimbwe na mfuko wa sandarusi. Nilifika Arusha simjui mtu, nikaosha vyombo hotelini, nikabeba mizigo ya wapanda mlima, na kwa jasho hilohilo nikajisomesha mpaka nikapata stashahada ya utalii. Sikusaidiwa na mjomba wala shangazi. Leo nina nyumba ya wageni Sitalike, ukingoni mwa hifadhi, vyumba vyote choo ndani, na cheti changu kimetundikwa mapokezi mahali ambapo mgeni lazima akione akiwa anasubiri ufunguo. Nimepita njia za milimani ambazo watu huvuka bahari kuja kuzipita. Kwa hiyo ninaposema kwamba matembezi bora niliyowahi kutembea ni mzunguko wa Nesi, huko kwetu nyuma ya Majimoto, sisemi kwa kukosa cha kulinganisha.

Mzunguko hufanyika kila mwaka kiangazi kikielekea kwisha, wiki zile ambazo mvua haijafika lakini miti imeshapata habari. Ardhi ni nyeusi kwa moto uliopita, vumbi limekaa mpaka kwenye meno, halafu asubuhi moja unaamka na kukuta miombo yote imetoa majani mapya, na majani yenyewe si ya kijani. Ni mekundu, ni ya zambarau, mengine ni ya rangi ya chai kavu ikipigwa na jua. Chini, kwenye majivu matupu, yanachomoza maua mekundu ya duara bila hata jani moja. Wageni wangu huniambia kwamba kwao majani huwa mekundu yakitaka kufa. Nami huwajibu kwa sauti ya chini, "Kwetu ni mekundu yakizaliwa," halafu nanyamaza kidogo. Inafanya kazi kila mara.

Lakini Nesi hakuianzisha njia ile kwa ajili ya maua. Ilikuwa njia yake ya kazi. Zamani, kabla pikipiki hazijawa nyingi, yeye ndiye aliyebeba huduma ya mkoba: alitoka zahanati alfajiri, akapita vitongoji kimoja baada ya kingine, akachanja watoto, akadunga wenye homa, akarudi jioni. Na alijifunza mapema kwamba kina mama wa kwetu walikuwa na akili.

"Ukirudi njia uliyoendea," alinieleza, "unakuta nyumba tupu. Asubuhi wamekuona unapita, mchana wameshaficha. Mimi nikaamua kuzunguka. Naingilia huku, natokea kule. Anayenichungulia mlangoni ananikuta jikoni."

Kwa hiyo njia yake ikawa duara, na duara likawa sheria: Nesi harudi njia aliyoendea. Kuna bibi mmoja aliyemficha mjukuu ndani ya kihenge cha mahindi, akakaa nje akipepeta mchele kwa utulivu mkubwa, macho kwenye njia ya mbele. Nesi akatokea nyuma kupitia shamba.

"Mtoto yuko wapi, mama?"

"Amesafiri. Yuko Mpanda kwa baba yake mdogo."

Sauti ikatoka kihengeni: "Bibi, sijasafiri."

Baba yangu mzazi, ambaye ndiye niliyerithi akili yake, alikaa akapiga hesabu. Aliona kwamba Nesi kila mara hutokea upande wa mawio, kwa hiyo akanibeba mgongoni akanipeleka upande wa machweo, mbali, mpaka kwenye tanuru la zamani la wahunzi, katikati ya pori. Tukakaa pale tukila karanga. Hakuwa amefikiri kwamba mtu anayezunguka lazima apite pia upande wa pili. Nesi alitukuta tumekaa kama tumemwandalia kiti.

"Habari za hapa?"

"Nzuri, Nesi. Nimeleta mtoto aone mzinga wangu."

"Mzinga uko wapi?"

Baba akatazama juu. Miti yote ilikuwa haina kitu.

"Umeibiwa," alisema baba.

"Pole sana," alisema Nesi, akafungua kisanduku.

Kovu la siku ile ninalo begani mpaka leo. Ni kovu zuri, la duara, limekaa vizuri kuliko makovu ya wenzangu.

Alipostaafu, tulidhani miguu nayo imestaafu. Mwaka ule ule, majani yalipotoka, tukamwona anafunga kamba za raba. Hana chanjo, hana barafu, ana viazi vitamu na mayai ya kuchemsha ndani ya mfuko. Watu wakamfuata kwa udadisi, na mwaka uliofuata wakaongezeka. Nami niliporudi na elimu yangu nikatambua mara moja kitu ambacho wengine hawakukitambua, kwamba ile ni bidhaa. Nikaanza kuleta wageni.

Sasa lazima nieleze kwa nini mzunguko ule si mchezo kwake. Nesi ana binti mmoja, yuko Mwanza, ana kazi nzuri, nyumba yenye geti na mume mpole. Kila Krismasi binti huyo huja kumchukua mama yake akaishi naye, na kila Krismasi huondoka na kuku peke yake. Mwaka juzi waligombana jikoni, na mimi nilikuwepo. Huwa nipo kwenye mambo makubwa.

"Mama, utaanguka siku moja huku peke yako."

"Nitaanguka kwangu."

"Kule kuna hospitali, kuna kila kitu."

"Kuna kochi," alisema Nesi. "Utaniweka kwenye kochi nitazame tamthilia, nikiinuka msichana wa kazi ananiuliza naenda wapi."

Wakavutana mpaka maharage yakaungua. Mwisho Nesi akapiga mkono kwenye goti lake, lile bovu, akasema: "Tupatane. Mwaka nitakaoshindwa kuufunga mzunguko wangu kwa miguu yangu, zahanati mpaka zahanati, bila kurudi nyuma, nitapanda basi na wewe. Mpaka hapo niache." Binti akamtazama mama, akalitazama goti, akakubali upesi. Alijua goti lile halina miaka mingi. Na mimi nikawekwa shahidi, kwa sababu ndiye niliyekuwa na stashahada kati ya waliokuwepo jikoni.

Tangu siku ile kila mtu kijijini anajua: Nesi akirudi nyuma hata mara moja, tumempoteza.

Historia anayoisimulia njiani haifanani na ile ninayowaandalia wageni. Yeye hahesabu kwa watemi wala kwa wakoloni, anahesabu kwa sindano. Tukifika kwenye mahame, pale palipokuwa na kijiji kabla watu hawajahamishwa kupelekwa barabarani, panapoonekana sasa ni mawe ya kusagia yaliyolala kwenye nyasi na ua wa minyaa uliozunguka mji usiokuwepo. Mimi hapo nina maelezo mazuri sana. Yeye husimama katikati, akanyoosha mwavuli: "Hapa ndipo nilipomdunga mwenyekiti wa kijiji alipokuwa na degedege. Alinikojolea. Pale, kwenye lile jiwe, ndipo alipokimbilia babu yake diwani. Mtu mzima, ana ndevu. Nilimfuata mpaka mtoni." Wageni huniuliza anasema nini. Nami huwatafsiria kwamba anaelezea chimbuko la uongozi wa kijadi katika eneo hili, na wao huandika.

Kuhusu mambo ya zamani zaidi, Nesi hana aibu. Lile tanuru la wahunzi, ambalo bado limesimama kwa udongo wake mwekundu na matundu ya mivukuto chini, kila mwaka lina mwenyewe mpya. Mwaka mmoja lilijengwa na Wafipa waliokuja kufua majembe. Mwaka mwingine lilijengwa na Wapimbwe, na Wafipa walikuja kuiba ufundi. Nilimwuliza, kama mtaalamu, ukweli ni upi.

"Mwaka ule nilikuwa na Wafipa wengi kwenye msafara," alisema. "Ningewanyima?"

Niliweka kibao pale, nikiwa nimekiandika mwenyewe kwa rangi nyeupe, maelezo mafupi na sahihi. Ng'ombe wakajikunia mgongo mpaka kikalala. Nikakisimamisha. Wakakilaza. Nesi alisema ng'ombe nao wana maoni.

Kuna watu husema Nesi haogopi kitu. Ni kweli kuhusu tembo. Mwaka fulani tembo dume alitoka upande wa hifadhi akasimama njiani akitikisa masikio, nami nikaanza kuwaelekeza wageni kwa utaratibu wa kitaalamu jinsi ya kurudi nyuma taratibu. Nesi alikuwa ameshatangulia mbele. Alimwambia tembo, kwa sauti ileile ya zahanati: "Sogea pembeni, wenzako wanasubiri." Nasema nilichokiona. Tembo alisogea.

Lakini kinyonga! Mwaka uliofuata, penye njia nyembamba kati ya mwamba na miiba, kinyonga mmoja alikuwa anavuka. Nesi akasimama kama aliyegongwa na ukuta. Mbele hawezi, yupo kinyonga. Nyuma hawezi, yupo binti wa Mwanza. Na kinyonga naye ndivyo alivyo, ananyanyua mguu, anauuliza ushauri, anaurudisha. Nilijitolea kumwondoa kwa kijiti.

"Usimguse! Atakasirika."

"Nesi, ni mdogo kama kidole hiki."

"Tembo ana uso, unaona anachofikiri. Huyu jicho moja liko kwangu, la pili liko kwenu. Nani anajua anapanga nini?"

Msafara mzima ukakaa chini. Mbung'o wakatuuma kwa zamu. Wageni wakapiga picha mpaka simu zikaisha chaji. Kinyonga alipomaliza kuvuka, Nesi alijifuta jasho, akasema tumechelewa kwa sababu yetu.

Hivyo ndivyo alivyo. Anakataza kunywa maji ya mto bila kuchemsha, halafu anainama na kuyateka kwa kiganja kwa kuwa "ya hapa nayajua." Anahubiri juu ya sukari mpaka watu wanaona haya kuweka kijiko cha pili, na tukifika kwenye chemchemi ya moto, tukikaa kuloweka miguu, anatoa kwenye mfuko kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa, anageukia upande, anakunywa. Ni soda ya chungwa. Ukimwangalia anasema ni dawa ya gesi. Ana msemo wa kila jambo: wa mvivu, "Anayekimbia sindano hukutana na kitanda." Wa mtu mwenye majivuno, "Nakujua umbo lako lote." Huu wa pili huniambia mimi mara nyingi, sijui kwa nini.

Nguvu yake yote, ukiitazama vizuri, ilikuwa hapo. Hakuna mtu wa kata ile ambaye hakupita mikononi mwake akiwa analia. Akimwambia mwenye shamba, "Punguza ua, njia yangu inapita," ua unapunguzwa. Mpaka alipokuja Ngosha.

Ndivyo tunavyomwita wote, kama Wasukuma wenyewe wanavyomwita mwanamume wakimheshimu. Alikuja kutoka upande wa Shinyanga na ng'ombe wengi, wake, watoto na mabati, akajenga kwenye kipande cha mwisho cha mzunguko, pale njia inapotoka miombo na kushuka kwenye kivuko kuelekea zahanati. Mkono wa kushoto ni mwamba, mkono wa kulia ni kinamasi cha viboko, katikati ni kwa Ngosha. Mwaka jana tulipita uani kwake bila shida. Msimu wa mpunga ng'ombe wake wakatokea upande wa kivuko, wakala mashamba ya watu, akagombana na kijiji kizima. Baada ya hapo akauziba upande ule kwa miiba mirefu kuliko mtu, akabakiza mlango mmoja tu, upande wa porini. Ukiingia kwake kwa mlango huo, unatokea kwa mlango huohuo.

Nesi alipopata habari alisema kwa majonzi ya kweli: "Alikuja mkubwa huyu. Sikumdunga hata mara moja."

Nikajitolea kwenda kuzungumza naye. Nina uwezo wa kuzungumza. Nilimweleza Ngosha kuhusu njia za asili, ushirikishwaji wa jamii na manufaa ya utalii, nikitumia lugha inayoeleweka. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Vizuri sana umesema. Sasa sikia la ng'ombe. Ng'ombe akiona tundu, anapita. Hajasoma. Nikifungua pale, mwezi wa pili nyie wenyewe mtakuja na mapanga."

Nilirudi kumwambia Nesi kwamba mazungumzo yamefikia hatua nzuri lakini hayajakamilika.

"Tutafika kwanza," alisema.

Mwaka huu binti alikuja mwenyewe kutoka Mwanza. Alisema amekuja kumsindikiza mama, lakini begi la mama lilikuwa limeshafungwa, niliona kamba yake pale mlangoni. Alivaa viatu vipya vyeupe vya kutembelea. Tulianza zahanati jua likiwa bado la upole. Majani yalikuwa mekundu kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka, hondohondo wakilalamika juu ya miti, na Nesi mbele, anachechemea. Kila akishuka mtelemko alikuwa anashika goti na kulisemesha. Hakusimulia sana. Kwenye mahame alipita bila kumtaja hata mwenyekiti. Mtu asiyesema matakoni mwa nani alipiga sindano, huyo si Nesi niliyemzoea.

Binti naye alikuwa ameanza kutembea kwa vidole.

Mchana ukiwa umegeuka tukafika kwa Ngosha. Ule ukuta wa miiba ulionekana kwa mbali, ng'ambo ya ua, na juu yake ukaonekana mlingoti wa zahanati, karibu kabisa, ungeweza kumwita mtu kwa jina. Binti akamshika mama yake bega.

"Mama, inatosha. Umejitahidi. Turudi polepole, hakuna atakayekucheka."

Nesi alinyoosha kitenge chake, akasogea kwenye mlango wa ua, akaita kwa sauti kubwa:

"Hodi hapa!"

"Karibu, mayu," alijibu Ngosha kutoka ndani, akimwita mama kwa Kisukuma, kwa kuwa hodi ikibishwa hakuna jibu lingine. Akamwamkia, "Mwadila."

Tukaingia. Tukapewa vigoda. Mke mkubwa wa Ngosha akaleta maziwa mgando kwenye kibuyu, akaleta michembe ya viazi vikavu na karanga, akaleta wali na kuku ambaye muda mfupi uliopita tulimwona anakimbia. Nesi akala kila kitu. Akauliza majina ya watoto, akauliza ya ng'ombe, akasifu maziwa, akaomba tena. Kuhusu njia hakusema neno. Ngosha, ambaye nadhani alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, akalegea, akaanza kucheka, akamwonyesha fahali wake. Binti akapumua, akidhani mama anapumzika kabla ya kurudi. Hata mimi, mtaalamu, nilidhani hivyo.

Jua likaanza kulala. Nesi akasimama, akashika mwavuli.

"Nimeshiba. Mungu awabariki. Haya, nisindikizeni."

Ngosha akachukua fimbo yake, akaelekea mlangoni. Aligeuka akakuta Nesi hajasogea.

"Mayu, mlango ni huku."

"Huko nimetoka. Mimi naenda zahanati." Akanyoosha mwavuli kwenye ukuta wa miiba.

"Huko hakuna mlango."

"Naona. Hebu niambie, Ngosha. Kwenu mgeni akishakula, mnamsindikiza anakokwenda, au mnamrudisha alikotoka?"

Kwetu na kwao hapo hakuna tofauti. Mgeni uliyemlisha humwachi aondoke peke yake, na humrudishi alikotoka, maana kumrudisha ni kumfukuza. Ngosha alimtazama Nesi. Alinitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyemfundisha. Akamtazama mke wake mkubwa, akitafuta msaada.

"Usinitazame mimi," mke akasema, akiwa ameziba mdomo kwa kanga. "Kuku ulimkimbiza mwenyewe."

"Mayu," Ngosha alisema taratibu, "wewe ni mama mbaya sana."

"Nimeambiwa hivyo na wengi. Wote ni wazima wa afya."

Akawaita vijana wake. Wakaanza kuvuta miiba, tawi baada ya tawi, wakiguna, mpaka tundu la mtu likapatikana. Fahali akaja kuangalia. Ngosha akamwekea fimbo puani, akamwambia, "Wewe si mgeni."

Desturi ya kusindikiza ni kwamba unafika mahali unasema, "Basi mimi naishia hapa." Ngosha alijaribu kuishia penye kichuguu. Nesi alikuwa katikati ya hadithi ya mtu aliyemezwa na usingizi mtumbwini akaamkia katikati ya viboko, na hadithi haikuwa imefika kwenye viboko. Akajaribu tena mwanzo wa mtelemko. Hapo goti likamkatalia Nesi kabisa, akayumba, na Ngosha akampa mkono. Wakashuka hivyo mpaka kivukoni, wakavuka, wakapanda upande wa pili, jitu lile la fimbo na kile kibibi cha mwavuli, wameshikana mikono kama maharusi.

Binti alilia kwa hasira. "Mama! Umeshikwa! Hiyo haihesabiki!"

"Tulipatana miguu," Nesi alisema bila kugeuka. "Mkono hatukuutaja. Mwulize shahidi."

Wote wakasimama wakanitazama. Nimewahi kufanya mtihani wa mdomo mbele ya wakufunzi watatu wakali na sikutetemeka. Nilifikiri kwa makini, nikakumbuka jikoni, nikakumbuka maharage yakiungua.

"Mkono," nilisema, "haukutajwa."

Nesi akatembea hatua zilizobaki peke yake, akaiwekea mkono nguzo ya baraza ya zahanati, akakaa chini palepale kwenye saruji. Alikuwa amechoka kweli. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee. Ngosha alisimama akijikuna kisogo, akauliza mwakani huwa tunakuja tarehe zipi, ili wake zake wasishtukizwe.

Siku chache baadaye mvua ya kwanza ilinyesha. Majani yakawa ya kijani kwa usiku mmoja, kama hayakuwahi kuwa na rangi nyingine. Nilitoka Sitalike na pikipiki yangu, ambayo si ya mkopo, kwenda kumuaga binti, nikijua anaondoka na atakuwa amenuna. Nilipofika nilimkuta Nesi uani anapepea jiko, anachechemea kati ya beseni na birika, amefunga kilemba, anaimba. Akaniambia nisimpigie kelele, ndani kuna mtu amelala.

Nikachungulia dirishani. Binti alikuwa kitandani kwa mama yake, miguu yote miwili imefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye vifundo, imewekwa juu ya mto. Viatu vile vilikuwa vimemla nyama. Pembeni yake kulikuwa na uji, yai, na soda ya chungwa. Alikuwa anaongea na mume wake kwenye simu, kwa sauti ya mtu asiyependa kusikika.

"Hapana, siji naye… Hapana, kesho pia siwezi kusafiri… Ananihudumia vizuri, ananikataza hata kukanyaga chini… Nani? Mama? Mama mzima, yuko nje hapo."

Akasikiliza kidogo, akafumba macho.

"Mgonjwa ni mimi."